Mapipa ya Ulaya

Jumatatu, 3 Juni
Chai bado sijamaliza na mizigo mitatu ya kemikali imeshafika. India, China, Ulaya. Utaratibu ni ule ule. Ya India na China inafunguliwa nje uani, glavu, miwani, watu wamesimama mbali. Ya Ulaya inaingia godauni moja kwa moja. Hakuna kanuni inayosema hivyo. Ni mimi niliyeanzisha, nilipofanywa msimamizi. Lebo zao safi, karatasi zao zimenyooka. Mapipa ya India yamejaa vumbi na utepe. Wafula, kiongozi wa wapakuaji, amenitania kwamba bwana wangu naye itabidi aagizwe Ujerumani. Nimecheka mpaka chai ikamwagika.

Jumanne, 4 Juni
Wafula ameungua. Jicho la kushoto na shavu. Asidi. Mzigo wa Ulaya.

Mfuniko ulikuwa umelegea. Ameinamisha pipa, ikamrukia. Miwani alikuwa ameishika mkononi. Aliniuliza kama avae. Nikamjibu, "Hiyo ni ya Ulaya bwana, peleka ndani, lori linangoja." Maneno yangu hayo hayo. Woi, Ngai, Mungu wangu. Tumemwagia maji mpaka gari likaja, na mtu mzima yule akimlilia mamake.

Mapipa ya India nimeyapitia jioni, moja moja. Makavu yote. Kila mfuniko umekazwa na muhuri uko.

Alhamisi, 6 Juni
Mkutano, ofisi ya mjini. Bosi amesema Wafula alivunja kanuni za usalama, kwa hivyo akitoka hospitali asirudi kazini. Ameniuliza mimi. Nikasema, "Ni kweli hakuwa amevaa miwani."

Ni kweli! Shetani mwenyewe hangesema vizuri zaidi. Nimetembea kutoka mjini mpaka nyumbani Kilimani kwa miguu kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu. Mwoga mimi. Nilitaka kulinda kazi yangu, basi.

Jumamosi, 8 Juni
Hospitali. Mkewe, Mama Nekesa, amenishika mikono yote miwili. "Madam, Mungu akubariki. Wenzako hata kupiga simu hawajapiga." Akafunga macho akaniombea pale pale kando ya kitanda. Mimi! Daktari amewaambia jicho halitaona tena. Wafula alikuwa amelala, ama alijifanya. Nimesema amina nikatoroka.

Jumapili, 9 Juni
Kanisa sikuenda. Nimeenda Kitisuru kwa bosi. Bawabu ameniweka langoni hadi familia iliporudi kutoka ibada. Nimesema nikiwa nimesimama kando ya gari lao, watoto wakisikia. Kwamba Wafula aliniuliza kama avae miwani, na mimi ndiye niliyemzuia. Kwamba ile tabia ya kuamini Ulaya ni yangu.

Bosi akaniuliza, "Wewe kazi unaitaka ama huitaki?"

Nimemwambia naitaka, lakini nitaandika taarifa na kuitia sahihi, na nakala nitampa Wafula. Bado naogopa. Sijui kama ningeenda kama mama yule hangeniombea.

Jumanne, 11 Juni
Bosi amelegea. Wafula atarudi akipona, kazi ya kukaa. Usimamizi nimenyang'anywa. Nimestahili.

Jumamosi, 15 Juni
Wafula ametoka hospitali. Nimeenda kwao Kawangware kumwambia kwa mdomo wangu. Nimeeleza yote, Mama Nekesa akimimina chai. Wafula amesikiliza akiwa na bandeji jichoni, kisha akasema polepole, "Madam, mimi nilikuwa pale. Nilikusikia." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Huyu ndiye sikuwa nimemwambia."

Mama Nekesa ameweka birika chini. Hakunitukana. Hakulia. Nilipoaga, amevaa leso akanisindikiza mpaka steji, kwa sababu mgeni husindikizwa. Njia nzima alitembea mbele yangu. Gari likaja, nikapanda. Nilipotazama dirishani alikuwa ameshageuka, anarudi nyumbani.