Nyumba ni ya Huyu Mama

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Kianda tuko sawa. Mjomba wako amebadilisha mabati, na magoti yangu yanauma, lakini mdomo bado mzima.

Unasema huko Lodwar mkubwa wako wa kazi amekwambia ushukuru umeajiriwa, uache kuuliza marupurupu ya mazingira magumu yako wapi. Uliza tena.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa serikali. Wanaume tuliofanya nao kazi ileile walipata mshahara wa msingi na marupurupu ya nyumba. Mimi nilipata msingi peke yake. Afisa wa mishahara alisema mke wa mtu hulipiwa nyumba na mumewe. Babu yako alikuwa fundi wa viatu Kawangware, na kodi ya chumba chetu nililipa mimi.

Nilipomweleza, alifunga kibanda, akavaa koti la kanisani, tukaingia ofisini pamoja. Afisa akamchekea. "Mzee, si wewe ndiye mwenye nyumba?"

Unajua wanaume wetu. Hilo hakuna anayelikana mbele ya watu.

Babu yako akasema, "Nyumba ni ya huyu mama. Mimi naishi kwake. Mlipeni."

Walimcheka sana. Nami nikakaa pale mpaka ombi langu likapigwa muhuri. Pesa zilichelewa, lakini zilikuja, kwa sababu zilikuwa zangu. Hazikuwa msaada wa mtu.

Sasa wewe unaogopa kuchekwa na mtu mmoja?

Ni mimi nyanya yako,
mwenye nyumba.