Jina Langu katika Daftari la Haridwar

Haridwar, 4 Novemba 2003

Dada Sumedha,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Lallan na watoto hamjambo. Mama ana kikohozi tu. Mimi mzima, ila moyo haujatulia.

Jana niliyamwaga majivu ya baba katika mto mtakatifu, kisha nikaenda kwa Chakrapani, kuhani wa ukoo wetu, aandike kifo chake kwenye daftari la mababu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mtoto umebaki wewe peke yako?" Nikamwambia nina dada Nagpur. Akaniwekea kidole kwenye mstari. Mwandiko wa baba: Binti Sumedha, amefariki, 1989. Ni mwaka ule ulipoolewa na Lallan. Chakrapani anasema baba alikutolea hata madonge ya wali, sadaka ya marehemu.

Nimesaini chini ya ukurasa, dada. Ndiyo desturi, anayeleta majivu anathibitisha yote yaliyoandikwa. Mkono uliitangulia akili. Nisamehe.

Mdogo wako,
Girdhar

Nagpur, 15 Novemba 2003

Girdhar,

Marahaba. Hatujambo. Mama mpe tangawizi.

Barua zangu zote kwa baba zilizorudi bila kufunguliwa, nilijipa moyo kwamba baba amekasirika, na mwenye hasira kuna siku hupoa. Kumbe mwenzangu alishanizika! Nimelia mpaka Lallan akaogopa.

Baba ameondoka na yake. Wewe upo, na saini ni yako. Kutoka nyumbani kwenu Meerut hadi Haridwar ni mwendo wa saa nne tu kwa basi. Rudi ukaandike mstari mmoja: Sumedha yuko hai. Sitakuomba kingine.

Dada yako,
Sumedha

Meerut, 20 Desemba 2003

Dada,

Shikamoo. Huku baridi kali, lakini tu wazima. Nimechelewa kujibu.

Binti yangu Rachna ameposwa. Wazee wa mume watakwenda kwa Chakrapani huyo huyo kuusoma ukoo wetu. Wakiona uko hai wataniuliza umeolewa na nani. Niseme mtoto wa fundi ngozi, wa tabaka la chini tusilooleana nalo? Mama naye anasema tusichokonoe mambo. Ni karatasi tu, dada, sisi tunajua uko hai. Nivumilie mpaka Rachna aolewe.

Mdogo wako,
Girdhar

Haridwar, 9 Agosti 2004

Girdhar,

Natumaini mko wazima. Nimesikia kwa watu kuwa Rachna aliolewa Februari. Nikangoja barua yako hadi mvua zikaanza. Nimekuja mwenyewe.

Chakrapani alinikaribisha chai, akauliza mimi ni nani kwa baba.

"Bintiye."

"Bintiye alikufa, mama."

"Basi huyo marehemu anaomba sukari zaidi."

Alicheka, kisha akaniona sicheki. Akasema mwanamke haandiki humo, aje kaka yangu. Nikamwambia kaka ameshakuja, nikamwonyesha saini.

Mwandiko wa baba umetetemeka kwenye jina langu, wino umevuja. Wako umenyooka.

Siku ya rakhi, ya dada kumfunga kaka yake uzi, imekaribia. Miaka kumi na mitano nimekutumia uzi kwa posta, ukaufunga mkononi kwa siri, dua ya dada kwa uhai wa kaka yake. Mwaka huu usimngoje mtu wa posta. Marehemu hawafungi watu nyuzi.

Sumedha