Nyama Bila Ng'ombe

Jumanne, 3 Mei 1994

Mimi Raphael ndiye mpishi bora kuliko wote kati ya Dar na Dodoma. Sibishani na mtu. Nikichemsha ndala ya mpira, watu watagombania kisigino. Nikikaanga jiwe la mto, utalimumunya mpaka uombe la pili. Mzee Rehani, mwenye hoteli, ananiita mwosha masufuria. Wivu! Nani anaamka na supu kila alfajiri? Mimi. Lile sufuria kubwa la makongoro, miguu ya ng'ombe, halijamwagwa tangu nianze kazi pale — asubuhi tunaongeza tu maji na mifupa juu ya supu ya jana. Ndiyo siri ya utamu.

Leo nimeleta kitu kipya nyumbani. Siku hizi ruksa kila kitu, maduka yamejaa vya nje, sasa wameleta nyama ya soya. Pakiti ina picha ya ng'ombe anacheka. Anacheka kwa sababu hayumo! Ni maharage tu, yamekaushwa, vipande vyepesi kama sponji. Unaloweka, vinavimba, ukichana unaona nyuzi kama nyama kabisa.

Nimemletea Bibi. Bibi Scholastika, mzaa Mama, ameshuka kutoka Mgeta na lori la kabichi, atakaa kwetu hapa Mafiga mpaka mvua zipungue. Bibi hali nyama. Ana mwiko. Watoto wake wa mwanzo walikufa wote wachanga, wa kwanza kabisa aliitwa Yohana. Mama alipozaliwa, mganga wa kule kwao akamwambia: acha kila chenye damu, na huyu ataishi. Bibi akaacha. Kuku, samaki, hata dagaa. Mama akaishi mpaka leo. Na misa hakosi, padri mwenyewe anamsifu!

Mimi nacheka. Mama hacheki.

Jumatano, 4 Mei

Soya imenitia aibu. Nimeikaanga kwa nyanya na vitunguu, bomba, nikampelekea kwanza Witness wa nyumba ya pili. Hao Wasabato, kwao nyama haiingii. (Mzuri yule!) Kanusa, karudisha sahani. Eti yeye hakuacha nyama kwa kuikosa, haitaki hata harufu, sasa namletea sura yake ya nini? Baba yake katoka ndani, kala sahani nzima, kauliza duka liko wapi. Nyumba moja, dini moja!

Hotelini kuna mwanafunzi wa chuo cha kilimo kasema iko siku Wazungu watakuza nyama kwenye chupa. Nyama kweli, ila hakuna ng'ombe aliyechinjwa. Mzee Rehani kamwuliza: na bismillahi nitaisomea nini, chupa? Tukacheka mpaka mtu kapaliwa na chapati.

Nimemsimulia Bibi. Hakucheka. Kaendelea kuchambua mchicha, halafu:

"Hiyo ya chupa, ukiikata itatoka damu?"

Sijui, Bibi.

"Basi hata mimi siijui. Wasiniletee."

"Na hii ya maharage?"

"Maharage nayajua. Lete."

Katafuna. Katafuna weee. Mama kasimama mlangoni anamtazama mdomo kama anasubiri matokeo ya mtihani.

"Mume wangu," Bibi kaniambia, "hii si nyama. Mimi nyama naikumbuka."

Mama kacheka mpaka kashika mlango. Haya, mpishi wa kati ya Dar na Dodoma! Imeniuma. Pakiti bado ina nusu. Tutaonana.

Alhamisi, 5 Mei

Nimeshinda! Bibi kafumba macho. Kafumba macho kabisa, mchuzi kidevuni, kaanza kuhadithia mbuzi wa harusi yake, nani alichinja, nani aliiba ini. Halafu machozi. Kaniuliza kama ni maharage kweli. Maharage matupu, Bibi. Nimefanyaje? Siandiki. Mpishi ana siri zake.

Mama hakula, kasema mwili mzito.

Ijumaa, 6 Mei

Mama ana homa. Kalala mchana, yeye ambaye halali mchana. Malaria ya masika, kila nyumba inayo. Nimemnunulia klorokwini. Bibi amekaa pembeni yake.

Supu ya leo nimeitia chumvi mara mbili, Mzee Rehani katukana mpaka ukoo.

Jumamosi, 7 Mei

Hospitali. Katapika dawa zote, tumembeba na baba yake Witness. Malaria kali, nesi kasema, wamemtundikia dripu ya kwinini. Nesi kasema wamemuwahi. Malaria! Iko kwenye karatasi, imeonekana kwenye hadubini, ina mdudu wake. Mdudu hajui Bibi amekula nini.

Nimejiambia hivyo njia nzima.

Jumapili, 8 Mei

Bibi hakwenda misa. Kaniita nje, chini ya dirisha la wodi, kanishika kidole gumba kama nilipokuwa mdogo.

Kasema mwiko ukivunjika, una dawa yake. Unarudi kwa aliyekupa. Yule mganga alishakufa, lakini binti yake yupo kulekule juu, anajua la kufanya. Ila useme mapema. Kinachoua ni kuficha.

"Sasa niambie, mume wangu. Ukisema yalikuwa maharage, nakaa hapa namfuta mwanangu jasho. Ukisema siyo, napanda leo."

Napanda! Barabara ya Mgeta imekatika, malori yamelala chini huku, wabeba karoti wanashuka kwa miguu na wanaanguka, vijana wenye misuli! Bibi ana goti bovu. Utelezi ule na makorongo yale? Nikisema siyo, nampeleka kufa. Nikisema ndiyo, na kama yale mambo yao ni kweli —

Siamini mimi. Nimesoma mpaka Form Two. Siamini.

"Maharage, Bibi."

Kaniachia kidole. Kasema asante. Karudi ndani, na nilivyomwona mgongo wake umelegea kwa raha, nilitaka kukimbia mpaka Dar.

Jumatatu, 9 Mei

Nimefukuzwa kazi. Asubuhi nimefungua mfuniko wa lile sufuria, mvuke ukanipiga usoni, nikalivuta mpaka mtaroni nikalimwaga. Lote. Nikasugua kwa mchanga mpaka vidole vikatoka damu. Mzee Rehani kaja mikono kichwani:

"Wewe mtoto una wazimu? Supu yangu! Wateja watakunywa nini, maji ya bomba?"

Shikamoo mzee, nimemwambia. Mbwa wa sokoni walishajaa mtaroni wanalamba.

Nimekuja hospitali moja kwa moja. Daktari kapita, kasema homa haishuki anavyotaka, lakini kwinini inachukua muda, tungoje. Mama kafungua macho. Nikafurahi! Kanitazama, katabasamu, kasema:

"Kaka Yohana, umekuja kunichukua?"

Nesi kasema ni homa, wote wanaongea ovyo. Ni homa. Lakini Bibi kadondosha kitambaa. Kakiokota polepole, kakikamua ndani ya beseni, kakikamua mpaka hakina tone. Hakuniuliza tena. Bora angeniuliza! Kanitazama tu, halafu kaanza kuifunga kanga yake kiunoni, lile fundo la safari.

Niko kwenye benchi, nje. Kupitia mlangoni namwona anatafuta kandambili zake chini ya kitanda. Mvua inajaa upande wa milimani, Uluguru yote imeshapotea kwenye wingu. Atapita hapa mbele yangu. Nitasimama, nitasema Bibi kaa, maharage. Au nitasema nenda. Ulimi wangu huu, unaojua kujibu kila mtu, leo umekauka kama ile soya kwenye pakiti.

Soya niliichemsha kwenye supu ya makongoro. Supu niliitoa hotelini kwenye kopo, nimelificha ndani ya shati. Nilitaka tu aseme ni nyama.

Alipomaliza bakuli la kwanza alilinyoosha kwa mikono miwili, kama mtoto. Kasema mume wangu, niongeze.

Nikamwongeza.