Mawe Kumi kwa Kila Mtoto

Jumatano, jioni. Mvua imekatika, na matope mekundu yamenifuata hadi chumbani.

Jana asubuhi nilipoteza darasa la kwanza.

Ninalisema hivyo hivyo, bila kulipamba. Mi ni mwanafunzi wa ualimu, niko katika staji, mazoezi ya kufundisha shuleni, na wiki hii nilipaswa kuchagua umri nitakaoufundisha: wadogo wa miaka sita ao wakubwa wa sekondari. Nilikuwa nimeshachagua. Sasa wamenichagulia.

Watu wanashangaa mwanaume mwenye kichwa cha hesabu kuwataka wadogo. Lakini nimejilipia masomo yangu kwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha hesabu vijana wa sekondari, na nimewaona, ndevu zimeshaota, wakihesabu kwa vidole chini ya meza. Woga ule hawakuupata sekondari. Waliupata darasa la kwanza, na hakuna aliyerudi kuwatoa.

Darasa langu lilikuwa na watoto sitini na wawili na madawati kumi na nane. Watatu kwa dawati, wanane chini. Kifaa hata kimoja hakuna. Basi Ijumaa nikamwambia kila mmoja alete mawe kumi ya kuhesabia.

Mi nimekulia Sandoa, kwenye mashamba. Kule jiwe ni jiwe.

Jumatatu Kapinga, binti wa dawati la mbele, alimwaga yake mezani: kumi, yamelingana, ya kijani kibichi, rangi ya madini ya shaba. Aliyatoa kwenye gunia la baba yake, anayenunua madini kwa wachimbaji na kuyalaza uani. Wenzake nao walikuwa wameokota ya kijani kando ya barabara, pale malori yanapoyadondosha. Nami, badala ya kushtuka, nilifurahi. Kapinga akatenga matano na matano, akayachanganya, akanitazama kwa mshangao: "Mwalimu! Hata nikiyavuruga, iko kumi tu!"

Nilimpigia makofi.

Jana, kabla ya kengele, baba yake alikuwa mlangoni, na wazazi wengine nyuma yake.

"Uko mwalimu ao uko muuzaji wa minerai? Batoto ba miaka sita banakuokotea mawe!"

"Tata, ni ya kuhesabia tu."

"Kuhesabia nini? Kilo?"

Wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Hapa Kolwezi, mji wa migodi ambako watoto huokoteshwa madini, mtoto na mawe si jambo la mchezo, na kila mzazi pale alijua kwa nini. Mawe mia sita na ishirini niliyapiga hesabu vizuri kabisa. Wazazi sikuwahesabu.

Mama Directrice, mkuu wa shule, alinivuta pembeni. Afadhali angenifokea.

"Mwalimu, enda kwa bakubwa. Kule hakuna mutu atasema. Kwa badogo tunatia bamama."

Tata yule, baba wa Kapinga, akachagua mawe yake, akaondoka. Yaliyobaki yamemwagwa kwenye shimo la lango la shule ili magari yasizame. Leo nimeyakanyaga nikiingia.

Yaya, dada yangu mkubwa ninayekaa kwake, amecheka hadi akatua sufuria chini. "Mwanaume muzima unalilia batoto ba makamasi! Ku sekondari batakuita Prof. Sema aksanti!"

Sisemi.

Leo nimesimama nje ya dirisha la darasa la kwanza. Mama aliyechukua nafasi yangu anawaimbisha moja hadi mia. Wanaimba vizuri, kwa sauti moja, na ninaapa nusu yao hawajui saba ni ngapi. Kapinga aliacha kuimba. Aliniona, akainua vidole vyote kumi, akavitikisa kuvivuruga, akacheka.

Nimeshindwa hata kumpungia mkono. Ningempungia, wangesema nini tena?

Nimeenda kwa baba yake Kapinga kuomba radhi, hakufungua. Nimeenda kwa chef wa section, mkuu wa idara yetu chuoni; amesema shule ndiyo inayoamua. Shule inasema chuo, kisha Mama Directrice ananiambia "tutaona". Kati yao mi niko wapi?

Jumamosi umri uliochaguliwa unaandikwa chuoni, na haubadilishwi tena.

Mama Directrice, ninajua unasoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni, uliwahi kunitania juu yake mbele ya wenzangu. Punje za mahindi ningeweza kuzitumia badala ya mawe. Mzazi mmoja angeweza kukaa darasani kila siku, anichunge. Yote ninakubali. Lakini usiniambie tena "tutaona". Ijumaa, kabla ya kengele ya saa sita, nitakuwa mbele ya ofisi yako. Darasa la kwanza: ndiyo ao hapana?