Dada Mmoja au Wengi

Mdogo wangu,

Natumai baridi ya huko imepungua. Sisi wazima. Lile dirisha la saluni aliyotuachia mama sasa linafunga, na jana alikuja fundi wa maandishi kuchora kibao. Nilimwambia aandike kwa Kiingereza kwamba ni saluni ya dada.

Akaniuliza, "Dada mmoja au wengi?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo. Akiwa mmoja naandika Sister's, kialama kinakaa kabla ya s. Mkiwa wawili naandika Sisters', kinakaa baada yake."

Kialama hicho mimi nilikijua kwenye neno ng'ombe tu. Nikataka kujua zaidi: na watoto je? Akasema children's, kabla ya s, maana neno lenyewe limeshakuwa la wengi bila s. Nalifikiria tangu jana. Kwetu saluni ya dada ni ya dada, awe mmoja au kumi, na mtu halazimiki kujibu.

Fundi alisubiri, brashi mkononi. Tangu turushiane maneno siku ya kugawana vitu vya mama, wewe hujakanyaga hapa, wala mimi sijakupigia simu.

Nikamwambia, "Weka baada ya s."

Rangi haijakauka vizuri, mteja akaingia, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamjibu yuko njiani.

Njoo basi, nisije nikaitwa mwongo.

Ni mimi,
dada yako