Ndege Hawakushuka

Chengdu, 2 Mei 2004

Mdogo wangu Dukar,

Salamu nyingi. Hamjambo huko juu? Mama anaendeleaje na kifua chake? Mimi mzima, ila joto la huku litanimaliza.

Bosi wangu, Bwana Wen, amenipa kazi ya kupanga safari ya wageni tisa waje bondeni kwetu mwezi wa sita. Ni watu wa mjini, hawajawahi kufika juu. Nimewapangia walale siku mbili Dartsedo, mji wa njiani, miili izoee hewa nyembamba, ndipo wapande. Watafutie farasi wapole na mahema. Kuna jambo jingine, hata kuliandika naona kinyaa: wanauliza kama wataonyeshwa mwamba tunakowapa tai miili ya wafu wetu. Niwajibu nini?

Dada yako,
Lhamtso

*

Bondeni, 16 Mei

Dada Lhamtso,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa Mama. Anakohoa mpaka mbwa wanabweka. Unga wa shayiri anaulamba kidogo, kisha anasukuma bakuli.

Farasi wapo, mahema yapo. Mwambani hapana. Eti uwajibu nini! Waulize, kwao mtu akifiwa wanakwenda kuchungulia kaburini na kamera? Wale waliofikia kwa jirani yetu Sherab mwaka jana walitapakaza makopo yao ya hewa ya kupumulia kando ya chemchemi, kisha wakajisaidia palepale, kwenye maji tunayochotea chai. Nilipowaonyesha wakacheka.

Haya, waje. Wanywe, wapande farasi, waende zao. Hata Mama anasema mgeni ni wa kukaribishwa, hata akiwa anatia kinyaa.

Mdogo wako,
Dukar

*

Chengdu, 5 Julai

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mbona kimya? Bwana Wen amerudi na wageni, anacheka peke yake, anasema mlimpokea vizuri sana. Nilitaka kuja nao, akanibakiza ofisini dakika ya mwisho. Nilipomuuliza hali ya Mama, akasema, "Wote salama, wanakusalimu."

Nimepata dawa nzuri ya kifua, nimempa dereva wa lori. Mwambie Mama asiimwage kisirisiri kama ile ya kwanza. Nikimfuma nitamnywesha kwa kijiko kama mtoto!

Dada yako akupendaye,
Lhamtso

*

Bondeni, 19 Julai

Dada,

Barua yako nimeisoma, nikatoka nje kutema mate. Kaa chini kwanza.

Mama hatunaye. Alituacha alfajiri, wageni wako wakiwa wameshafika. Nilimwambia Wen mwenyewe, kwa kinywa cha mkalimani: "Mfikishie dada yangu habari hii." Akanishika mkono, akainamisha kichwa, nikamwona mtu mwenye utu. Leo nasoma eti wote salama.

Lama, kiongozi wetu wa dini, alipotupangia siku ya mazishi, niliwaomba wageni wasitoke kwenye mahema. Tukampandisha Mama mwambani, tukawasha matawi ya mti wa mreteni, moshi uwaite tai. Tai wakaja wengi, wakazunguka, wakaanza kushuka. Mara wageni wako wakachomoza nyuma ya mawe, wanasukumana, kamera juu, na mwanamke mmoja anapiga kelele, "Yule pale! Yule pale!" Tai wakapaa wote. Tulingoja mpaka jua likazama, wakarudi wachache tu.

Nyuma ya yale mawe nilikuta rundo la maganda ya mbegu za alizeti. Walikuwa wanatafuna, Dada. Mama yetu amelala pale, wao wanatafuna.

Sasa bonde zima linanong'ona kwamba ndege wamemkataa, sijui alikuwa na dhambi gani. Mama yetu huyo! Mke wa Sherab akiniona chemchemini anageuka na ndoo tupu.

Mdogo wako,
Dukar

*

Chengdu, 30 Julai

Dukar,

Leo sina salamu. Nimelia mpaka sauti imekauka.

Nilimwendea Wen. "Ulijua?" Akasema, "Niliona ni vyema usikie kutoka kwenu. Halafu kazi zilikuwa nyingi." Nyuma yake ukutani kuna picha mpya, kubwa kama mlango. Mwamba, moshi, tai angani, na mgongo wako ndani ya koti la ngozi la Baba. Ndiyo tangazo la safari ya mwezi wa nane!

Ratiba ya safari hiyo naiandika mimi. Nimefuta siku za kupumzika Dartsedo. Watapanda moja kwa moja mpaka huko juu. Vichwa viwapasuke, mapafu yajae maji, tuone nani atapata nguvu ya kunyanyua kamera.

Dada yako,
Lhamtso

*

Bondeni, 9 Agosti

Dada,

Pole. Najua umelia peke yako, na hilo linaniuma.

Barua yako nimeichoma. Unamkumbuka yule mchuuzi wa nguo aliyepandishwa huku haraka akafia ndani ya lori? Kichwa chake nilikishika mimi. Midomo ilikuwa ya buluu, anatoa povu la damu, ananiita jina la kaka yake. Unataka niwashike na hawa? Watu hawa wananitia kinyaa, siwezi kukuficha. Lakini hili lako limenichefua kuliko yale maganda, kwa sababu limetoka kwako.

Warudishie siku zao. Ukikataa, nakuja Dartsedo mwenyewe nilale mbele ya gari.

Mdogo wako,
Dukar

*

Chengdu, 18 Agosti

Mdogo wangu Dukar,

Hujambo? Nakushukuru kwa kunikemea. Siku zao nimezirudisha.

Jana wageni walikusanywa ofisini kuelezwa safari. Zamu yangu ilipofika nilisimama chini ya picha, nikasema, "Anayesubiriwa na ndege hawa ni mama yangu. Huyu mwenye koti ni mdogo wangu. Aliwaomba watu wasije." Bibi mmoja akafunga mkoba wake, akaja kunishika mabega, akatoka. Watatu wakamfuata. Nikadhani wote wataondoka. Ndipo kijana mmoja akanyanyua mkono: "Sasa mwezi huu tai wanashuka saa ngapi?" Na Wen akamjibu, Dukar. Alimjibu kwa adabu, huku anatabasamu.

Niliing'oa ile picha mbele yao, nikaichana vipande. Wen anayo nyingine, najua, na ameshapata mtu mwingine wa kuwaleta. Waambie wazee waweke vijana kwenye njia ya mlimani. Wageni wasiwapige, wawageuze tu.

Barua hii inatangulia na lori la leo, kesho napanda linalofuata. Kukamua ng'ombe nimesahau, mikono yangu imekuwa laini hata naionea aibu, utanifundisha upya. Nitakaa nawe, tumwombee Mama pamoja. Na mke wa Sherab mwambie angoje kidogo. Yote anayoyasema juu ya Mama, aje ayaseme mimi nikiwa nimekaa mbele yake.

Dada yako,
Lhamtso