Gauni la Zizini

Jumatatu, 3 Machi
Mama watoto bado yuko mjini kwa binti yetu. Alienda kumsaidia kulea mjukuu – mwezi mmoja tu, alisema. Huu sasa ni wa tatu. Nyumba kimya, nikikohoa nashtuka mwenyewe.

Nimekamua peke yangu tena. Kondoo wetu hawa wasio na sufu hawatoi maziwa mengi, ila ni mazito, ndiyo maana mtengeneza jibini anayapenda. Wengine wameshauzoea mkono wangu. Bi Mkubwa, yule kondoo jike mzee, hapana! Kanibania yote. Mke wangu ndiye aliyemdekeza.

Jumatano, 5 Machi
Mtengeneza jibini kaja na dawa yake ya kupimia. Maziwa ya Bi Mkubwa yakanata kama uji. Kiwele kinaanza kuugua, maana maziwa yanalala humo. Kasema akikuta hivyo tena hachukui maziwa ya zizi zima. Halafu kanitania, si nimrudishe mke wangu tu yaishe? Nikacheka. Alipoondoka sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 6 Machi
Mtu asijue! Nimevaa gauni la mke wangu, lile la kukamulia. Limening'inia nyuma ya mlango tangu aondoke, halijafuliwa. Mgongoni halifungi. Bi Mkubwa kalinusa, katulia – maziwa hayo! Chuchu zote mbili, mpaka tone la mwisho. Nimecheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia. Nilitaka kumsimulia habari ya gauni, aibu ikanishika. Nyuma yake televisheni, watu, vicheko. Nikauliza anarudi lini.
"Tutaongea, baba watoto. Mtoto kaamka."
Nimekula nimesimama jikoni.

Ijumaa, 14 Machi
Kipimo safi! Mtengeneza jibini haamini, kauliza nimefanyaje. Nikamwambia ni mazoea tu. Gauni nilikuwa nimelikalia asilione.

Jumanne, 18 Machi
Asubuhi Bi Mkubwa kanusa gauni, kageuza kichwa, kapiga ndoo teke. Nikalinusa na mimi. Jasho langu tupu. Limeshakuwa la kwangu. Nimebembeleza weee, hata tone!

Nikiwa bado nimelivaa, simu ikalia. Yeye. Sauti ya upole, ile ya kutangulizia jambo zito. Binti anarudi kazini, mtoto hana wa kubaki naye. Anabaki yeye. Hakusema mpaka lini. Nguo zake nimpe dereva wa basi la kesho.
"Zote?" nikauliza.
"Zote. Ila lile la zizini liache, la nini huku?"

Nikasema sawa. Sawa! Mjinga mimi. Miaka yote hii, na nilichoweza kutamka ni sawa.

Sanduku liko wazi kitandani, nimekunja nguo mbili tu. Bi Mkubwa analia huko nje, kiwele kimemjaa. Lazima akamuliwe. Nimesimama mlangoni na ndoo, gauni bado mwilini, na ninaenda kumkamua hivyo hivyo; sanduku litangoja.